Shimo la Pembe Nne

Kabla ya kwenda kuwatazama wasomi, Inspekta Gatakaa aliamua kumtazama mwizi. Ndivyo mkuu wa kituo alivyomwita mzee aliyekuwa seli: mwizi. Alilitamka neno hilo huku akijichokoa meno, kama mtu aliyekwisha kuila kesi hiyo na kubakiza kulala tu.

"Mlinzi alikuwa na ufunguo, madam. Kufuli haikuvunjwa. Chungu cha kale hakiko. Sasa hapo upelelezi ni wa nini? Kesho asubuhi tunampeleka korti."

"Wengine hawana ufunguo?"

"Wako nao. Lakini hao ni madaktari wa chuo."

Gatakaa alimkodolea macho mpaka akaacha kujichokoa. Katika kazi yake alikuwa ameshawatia pingu walimu wakuu, mashemasi na meneja wa chama cha ushirika, na hakuwahi kuona cheti kilichomzuia mtu kuiba. Aliomba ufunguo wa seli akapita.

Kwenye benchi ya nje alikuwa ameketi Teresia, mke wa mlinzi, amekumbatia chupa ya uji. Alikuwa akija hapo kila asubuhi tangu mumewe akamatwe Jumatatu, na askari walikuwa wamemzoea kiasi cha kumruka kama wanavyoruka kizingiti. Gatakaa alimsalimia. Mama yule aliitika, lakini hakuuliza chochote, kwa sababu alipouliza hapo awali alifukuzwa kwa makelele.

Ndani, Mzee Ndwiga alisimama alipomwona mwanamke. Alikuwa mtu mwembamba wa Mbeere, mwenye koti la kazi lililofungwa vifungo vyote ingawa joto la Kiambere lilikuwa limeshaanza kuuma.

"Mzee, mimi ni Gatakaa. Natoka ofisi ya upelelezi kule Embu. Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa lango, mwari." Alimwita binti, kama wazee wa huku wanavyowaita wanawake wa umri wake. "Mimi siwachangi lango."

"Kontena ya stoo iko nyuma ya lango. Nani aliingia?"

"Sijaona mtu."

"Hukuona, au hukutazama?"

Mzee alikuna kidevu. "Nilikuwa nimeangalia barabara."

"Jioni yote? Umeandikwa kulinda kontena, halafu unaipatia mgongo?"

"Niligeuka. Kuna vitu mtu mzima haangaliangi."

"Vitu gani?"

"Hiyo si yangu ya kusema, mwari. Atakuja mwenyewe, aseme vile nilikuwa kwa lango. Ni mtu ako na masomo. Hawezi niacha hapa."

"Nani huyo?"

Lakini mzee alikuwa ameshafunga mdomo, tena kwa adabu, na adabu hiyo ilimuudhi Gatakaa kuliko matusi. Angetukanwa angejua pa kuanzia. Alitoka nje akiwa amenuna, akamwita Koplo Mbae, dereva wake, wakapanda kuelekea kilima walikochimba wasomi.

Kilima chenyewe kilikuwa na wenye wawili, na wenye hao hawakuongeleshana. Upande wa mashariki kulikuwa na mahema ya Dokta Nyaga, mtu wa Embu. Upande wa magharibi kulikuwa na ya Dokta Makandi, mtu wa Meru. Katikati palikuwa na ukanda wa nyasi kavu uliohesabiwa kuwa mpaka, na kila upande shimo la uchimbaji limefunguka, mashimo yakitazamana kama wake wenza. Chini kabisa lilionekana bwawa, maji yametulia, yanameta.

Kwa miaka mingi wawili hawa walikuwa wametukanana kwa lugha ya heshima, kwenye makongamano, magazetini na katika vitabu. Nyaga alikuwa ameandika kwamba wafinyanzi wa zamani wa Mbeere hawakuchukua chochote kutoka Meru. Makandi naye alikuwa ameandika kwamba wafinyanzi wa Meru hawakuwahi hata kukanyaga huku. Kwa mtu wa kawaida hayo ni mambo mawili yanayoweza kukaa nyumba moja bila kusumbuana, lakini wasomi walikuwa wameyafanya vita. Wafadhili, wasiojua tofauti ya chungu na sufuria, waliuona ugomvi huo mtamu wakawalipa wote wawili wachimbe kilima kimoja.

Gatakaa hakuwa na haja na watu wa namna hiyo. Alikulia Kibirichia, huko Meru, kwenye mashamba ya viazi, waru kama wanavyoviita kwao, na alijua jembe ni la nini. Watu wanaochimba mwaka mzima bila kupanda hata mbegu moja, kisha wanakuja kuibiana vigae, hao kwake walikuwa watoto walioachwa wacheze hadi wakaota mvi.

Carol, mwanafunzi wa Nyaga, ndiye aliyempokea. Msichana alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope na alionekana ndiye pekee aliyekuwa na aibu kwa yaliyotokea.

"Chungu kilitoka kwa trench yetu Ijumaa," alisema. "Kizima, madam, na kifuniko juu. Haijawahi tokea hapa. Dokta akakifunika na turubai hapo hapo. Alitukataza hata picha. Alisema watu wa upande ile wasikione."

"Na hawakukiona?"

"Hakuna. Mimi na Dokta ndio tulikibeba mpaka kontena. Jumapili watu wote walienda kanisa na nyumbani. Walibaki hao madaktari wawili na Mzee Ndwiga. Jumatatu nikafungua nikapata hakuna kitu, nikapigia polisi."

"Ulimwambia Dokta kabla ya kupiga?"

"Hapana. Nilipanic." Akainamisha kichwa. "Alinikasirikia sana. Akaniuliza nani alinituma kuita polisi."

Gatakaa aliliweka hilo mahali pake. Mtu aliyeibiwa chungu cha maisha yake anakasirika kwa kuwa polisi wameitwa. Haya.

Dokta Nyaga alikuwa mrefu, mwenye kofia pana na sauti iliyozoea kumbi. Hakungoja kuulizwa.

"Ni Makandi."

"Ulimwona?"

"Sihitaji kumwona. Huyo mwanamke amekuwa akiniibia tangu chuo. Mawazo yangu, wanafunzi wangu, na sasa chungu."

"Anakitakia nini?"

"Kinammaliza! Kikipimwa, kile kitabu chake chote kinaenda choo."

"Na mlinzi? Amelala sakafuni tangu Jumatatu."

Nyaga alianza kufuta vumbi kwenye kofia. "Ndwiga ni mtu mzuri. Lakini honestly, polisi ndio wanajua kazi yao."

"Unadhani ameiba?"

"Sijasema hivyo."

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Pia hiyo sijasema."

Alikuwa amepata shahada tatu ili aweze kusema hivyo. Gatakaa alimwacha na kofia yake akavuka ule ukanda wa nyasi.

Dokta Makandi alikuwa mfupi, nadhifu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anakwenda harusini. Alimkaribisha Gatakaa kwa Kimeru, akidhani atapata upande. Gatakaa alimjibu kwa Kiswahili.

"Nani amechukua chungu?"

"Nyaga mwenyewe. Amekificha. Hizo nakshi ni za kwetu Meru kabisa, zile mistari zinavukana chini ya shingo. Kinammaliza huyo. So amekificha, halafu anasingizia mimi. Ni mtu wa aibu sana, by the way. Mpaka miwani yake amefunga na waya."

"Mzee Ndwiga unamfahamu?"

"Yule wa gate? Kidogo tu."

"Kesho anapelekwa korti."

Makandi alirekebisha kitambaa kilichokuwa hakina kasoro. "Mahakama ni huru. Kama hana makosa, watamwachilia."

Gatakaa alitoka nje akasimama juani kwa hiari yake, maana hewa ya lile hema ilikuwa imemchosha. Koplo Mbae alikuwa ameegemea gari, shavu limejaa muguka, majani ya kutafuna kama miraa.

"Wanachukiana sana hao, madam," Mbae alisema. "Wataja kuuana."

"Wanasema maneno mamoja, Mbae. Yule anasema chungu kinammaliza huyu, huyu anasema kinammaliza yule. Wamekariri pamoja kama watoto wa Sunday School. Halafu mama anazijua nakshi za chungu kilichofunikwa kabla hajakiona."

"Labda aliingia akaiba."

"Labda. Lakini mbona mwenye mali anamkasirikia aliyeita polisi?"

Mbae alitafuna juu ya swali hilo. Gatakaa alianza kutembea. Hakuwa na mpango wowote wa maana. Alitaka tu kukaa mbali na watu wenye vitabu. Aliufuata ule mpaka wa nyasi, ambao hakuna upande uliokuwa na haki ya kuuchimba, mpaka akafika kwenye kichaka cha miiba, na hapo akasimama.

Nyasi yote ya kilima ilikuwa kavu, lakini ilikuwa kavu ya kusimama. Hapa palikuwa na sehemu iliyokufa, imelala, imekuwa ya kijivu. Na ilikuwa imekufa kwa mstari. Mstari ulikwenda, ukakata kona, ukaenda tena, ukakata kona nyingine.

"Hiyo ni choo ya zamani," Mbae alisema alipomfikia.

"Choo cha nani chenye kona kama kitanda cha hospitali? Leta jembe."

Mbae alipiga nyasi kwa ncha ya jembe, na nyasi ikanyanyuka kipande kizima pamoja na mizizi yake, kama mkeka. Chini yake palikuwa na udongo mweusi. Chini ya mweusi, mwekundu. Gatakaa aliinama akauchota kiganjani. Haukuwa na jiwe, haukuwa na mzizi, ulikuwa laini kama unga.

Hapo ndipo alipoanza kutabasamu, na Mbae, aliyelijua tabasamu hilo, akarudi nyuma kidogo.

"Umewahi kumwona mwizi akichekecha udongo?" aliuliza. "Mwizi anachimba mbio. Shimo lake ni la duara, kama kiota cha kuku. Udongo anaurudisha ovyo, wa chini unakuja juu, na kila apitaye anaona. Hata kwetu ukichimba waru, shamba lote linageuka rangi. Huyu ameukata ukuta wima. Amekata pembe nne. Udongo ameuweka kila rangi mahali pake, na nyasi akaitandika juu kama alivyoikuta. Alikuja kuiba, Mbae, akashindwa kuchimba vibaya."

"Kwa hivyo si Ndwiga."

"Ndwiga angechimba kama wewe na mimi. Endelea, lakini polepole."

Kreti ya plastiki ilikuwa chini, kwenye kimo cha kiuno. Ndani yake, kimefungwa kwa karatasi nyeupe tabaka juu ya tabaka, kilikaa chungu chenye tumbo pana na kifuniko chake, na chini ya shingo mistari inayovukana, vilevile alivyosema Dokta Makandi. Gatakaa hakukiona kuwa kizuri. Nyanya yake alikuwa na kingine kama hicho, na kilikuwa cha kuchemshia njugu.

Kilichomvuta macho kilikuwa chini ya kreti. Katikati kabisa ya sakafu ya shimo palikuwa na vifuniko viwili vya soda, vile vya bati, vimewekwa kando kwa kando. Kimoja kilikuwa cha rangi ya machungwa, kingine cha zambarau. Vilikuwa vipya na havina kutu. Hakuna aliyeviangusha hapo, kwa sababu kitu kilichoanguka hakikai katikati.

Alimwita Carol. Msichana alipokiona chungu alipiga magoti akaanza kulia kwa furaha, na Gatakaa ikabidi amngoje, jambo ambalo hakulipenda.

"Hivi navyo?" aliuliza hatimaye, akimwonyesha vifuniko.

"Hiyo ni ya kufunga, madam." Carol alijifuta pua. "Ukimaliza trench, kabla urudishe udongo, unakunywa soda, halafu kifuniko unaweka chini kabisa. Ndio mtu akikuja kuchimba miaka ijayo ajue kuna mwenye alishafika hapa. Asidhani udongo haijaguswa."

"Nani alikufundisha?"

"Dokta. Na yeye alifundishwa na mwalimu wao. Hao wawili walikuwa darasa moja."

"Mbona viwili?"

"Kila mwenye amechimba anaweka chake. Huwezi wekea mwenzako, ni kama kudanganya." Akasita. Alikuwa ameshakitambua cha rangi ya machungwa, maana bosi wake hakunywa soda nyingine. Kisha akakitazama cha zambarau, akageuza kichwa taratibu kuelekea mahema ya magharibi, na mkono ukamwendea mdomoni.

"Ndiyo," Gatakaa alisema. "Hata mimi nimefikiria hivyo."

Sasa akamkumbuka Mzee Ndwiga langoni, ameangalia barabara. Mlinzi hampi mgongo mwizi. Anampa mgongo mwanamume na mwanamke wanaopita jioni wameshikana, wakidhani hakuna mtu, kwa sababu mtu mwenye heshima zake hatazami mambo kama hayo. Gatakaa alicheka peke yake pale kichakani, na kicheko hakikuwa kizuri. Mzee alikuwa amelala kwenye saruji akilinda siri ya mapenzi, na hakujua kwamba nyuma ya mgongo wake ilipitishwa kreti.

Aliagiza waletwe wote wawili kwenye hema la kulia chakula. Walifika kila mmoja kwa mlango wake, wakaketi kila mmoja kwenye ncha yake ya meza, wakaanza mara moja.

"Nilisema sitaketi na huyu mtu," alisema Makandi.

"Na mimi nilisema nitakuja na wakili," alisema Nyaga.

Gatakaa aliweka chungu mezani, kisha vifuniko, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyevitazama vifuniko. Walitazamana. Miaka yote ya kutukanana iliwatoka usoni kwa mara moja, na kilichobaki kilikuwa watu wawili wa makamo wenye hofu.

"Ni mimi," Makandi alisema haraka. "Yeye hakujua."

"Uongo. Ni mimi nilichimba. Makandi alikuwa amelala kwake."

"Nyaga, nyamaza!"

"Huwezi fungwa kwa ajili yangu. Siwezi kubali."

"Nani amekuuliza kama unakubali?"

Waliendelea hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kosa, sauti zinapanda, macho yanalowa. Wangeachwa wangefikisha jioni. Yeyote mwingine huenda angeguswa. Gatakaa alipiga meza kwa kiganja.

"Nyamazeni. Hamshindanii zawadi hapa. Mmeanza lini?"

Makandi ndiye aliyejibu, chini chini. "Tangu lile kongamano la Meru. Tuligombana mbele ya watu mpaka tukanyang'anywa maikrofoni. Jioni nikampata ameketi kwa ngazi, nje, anasoma kitabu yangu. Alikuwa ameandika pembeni, page zote."

"Matusi?"

"Maswali. Hakuna mtu mwingine alishawahi kukisoma mpaka mwisho."

Nyaga alikuwa ameinamisha uso. Kwa nukta moja, Gatakaa aliona jinsi ilivyoweza kutokea, na hilo halikumpunguzia hasira hata kidogo.

"Una mke?" alimuuliza Nyaga.

"Alifariki kitambo."

"Na wewe, una bwana?"

"Hapana."

"Basi mnamficha nani?"

"Wangetucheka," Makandi alisema. "Watu wote. Na wafadhili wangesema matokeo tumepika pamoja."

Hawakuwa wakificha dhambi, basi. Walikuwa wakificha kwamba wamepatana.

"Chungu kinasema nini?"

Nyaga alikigusa kwa ncha ya kidole, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwingine, bora zaidi. "Udongo ni wa hapa, wa hili bonde. Lakini mkono ni wa Meru. Huyu hakuiga. Alijifunza kwao akiwa mtoto, halafu akakuja kuishi huku."

"Sema kama unaongea na mtu wa waru."

"Aliolewa hapa. Mwanamke wa huko aliolewa huku, kitambo sana, wakati sisi wote wawili tumeandika kwamba hawa watu walikuwa hawajuani."

"Kwa hiyo nyote wawili mmekosea."

"Ndiyo."

"Na badala ya kusema mmekosea, mkamzika tena."

"Hatungeweza kukivunja!" Makandi alisema, ameudhika kweli, kama aliyeshukiwa kuua mtoto. "Tulikizika vizuri. Kwa karatasi isiyo na asidi. Siku moja, sisi tukiwa hatuko, mtu atakuja achimbe, akute vifuniko, ajue tulifika. Hatukumdanganya mtu."

Gatakaa aliegemea kiti. Alikuwa amewasikia waongo wengi, lakini huyu mama alikuwa haongopi. Aliamini kila neno.

"Mlikuwa waaminifu kwa watu ambao hawajazaliwa," alisema. "Na Ndwiga, ambaye amezaliwa, mkamwacha seli."

Kisha akamgeukia mwanamume.

"Nyaga. Jumapili ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, mzee, hujatuona. Akasema, sijaona kitu. Akageuka."

"Alidhani anaficha mapenzi."

"Ndiyo."

"Asubuhi Carol alipoita polisi, ungeweza kusema."

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka. Tuliongea, tukaona labda korti itamwachilia tu, maana hakuna ushahidi. Tungemtafutia wakili. Wakili mzuri."

"Unajua anasema nini kule ndani? Anasema atakuja mwenyewe. Anasema mtu wa masomo hawezi kumwacha."

Makandi alianza kulia. Gatakaa alikuwa na kitambaa mfukoni, na kitambaa hicho kilikaa mfukoni.

Aliwasomea makosa: kuficha mali ya kale ya taifa, na kuwadanganya polisi. Pingu za Mbae zilikuwa zimesahauliwa kituoni, kwa hiyo zilikuwepo za Gatakaa tu. Alimfunga Nyaga mkono wa kushoto na Makandi mkono wa kulia, akawatoa nje hivyo. Wafanyakazi wa kambi zote mbili walisimama na koleo mikononi kuwatazama wakishuka kilima bega kwa bega. Mtu mmoja alipiga mluzi. Nyaga alijaribu kutembea mbele kidogo, pingu zikamrudisha.

Kituoni, mkuu wa kituo alipowaona madaktari aliruka akasimama, akaanza kutafuta viti. Kisha akaona mikono yao, akabaki ameshika kiti hewani.

"Kiweke chini," Gatakaa alimwambia. "Mtoe mzee."

Teresia alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama karibu na benchi, kikombe mkononi, chupa ya uji ameifungua. Mzee Ndwiga alitokea akijikinga macho kwa mwanga, vifungo vya koti bado vimefungwa vyote. Aliwaona Nyaga na Makandi wamesimama karibu karibu mlangoni, na uso wake wote ukafunguka.

"Mmekuja," alisema. "Si nilikuambia, Mama? Nilikuambia watakuja." Akamshika Nyaga bega kwa furaha. "Na mmekuja wote wawili, hata hamjaogopa watu. Hiyo ni vizuri, Daktari. Hiyo ni vizuri sana. Mama, wawekee uji, wametoka na jua."

Teresia hakusogea. Yeye hakuwa akitazama nyuso. Alikuwa akitazama chini, pale mikono miwili ilipokutana.

"Uliza kwanza," alimwambia mumewe. "Wamekuja, ama wameletwa?"

Mzee alimgeukia Gatakaa. Ilikuwa rahisi kumjibu, na neno lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Muulize Daktari," Gatakaa alisema. "Yeye ndiye ana masomo."

Makandi alikuwa ameinama, kitambaa chake cha kichwa kimelegea, na kwa mkono mmoja hakuweza kukifunga.

"Tumeletwa, mzee," Nyaga alisema.

Mzee Ndwiga alitoa mkono wake begani mwa Nyaga. Aliziona pingu. Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama anayehakikisha kwamba ni wao. Kisha akageuka, akawapa mgongo, akasimama akiangalia barabara.

Teresia alimpelekea kikombe hapo alipokuwa, akaifunga chupa ya uji, akaikaza.